Barua ya wazi kwa Manispaa ya Morogoro: tunataka konda aite "Kwa Mbaraka!"

Kwa Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Manispaa,

Salamu kutoka kwa sisi watu wa dansi na mafundi wanaolizunguka: wapima ardhi, wachora vibao, mafundi umeme wa majukwaani, wapiga magitaa. Tunaandika kuhusu jambo moja, nalo ni kumpa marehemu mwanamuziki wetu Mbaraka Mwinshehe uwanja wa wazi katikati ya mji kasoro bahari. Hatutaeleza Mbaraka alikuwa nani, maana mtu wa Morogoro ukimweleza hilo atadhani unamtukana. Tunachotaka kusema ni namna ya kulifanya jambo lenyewe, kwa kuwa mengi ya namna hii yamefanywa nchini kwa nia njema na tarumbeta za kutosha, kisha jina likafa kabla rangi ya kibao haijapauka.

Kipimo chetu ni chepesi. Miaka miwili baada ya uzinduzi, simameni pale saa kumi na moja jioni, msikilize daladala inayopunguza mwendo. Konda akiita "Kwa Mbaraka! Wa kwa Mbaraka asogee!", kazi imefanyika. Akiita jina la zamani, basi mlizindua bati.

Angalieni Dar es Salaam. Daraja la juu pale Tazara lilipewa jina la Mfugale mwaka 2018, na lile la Ubungo likapewa jina la Kijazi mwaka 2021. Wote wawili walistahili, na majina yameandikwa vizuri kabisa. Lakini konda bado anaita Tazara, anaita Ubungo, na abiria wanaelewana. Sasa angalieni Uwanja wa Taifa, uliopewa jina la Mzee Mkapa mwaka 2020. Hauchukui muda mtu kukwambia mechi iko "kwa Mkapa". Jina lile lilishika kwa sababu ni neno moja fupi, lina "kwa" mbele yake kama tunavyotaja nyumba ya mtu, na kila baada ya siku chache kuna jambo linalowapeleka watu pale. Simba wakatunga na msemo wao, "Kwa Mkapa hatoki mtu", na hapo jina likawa limeingia damuni. Hakuna kibao kinachoweza kufanya kazi ya msemo wa mashabiki. Kinshasa nako barabara ya Bokassa ilipewa jina la Franco Luambo Makiadi, mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea mji ule, na bado ukipewa anwani ya pale utaandikiwa "ex-Bokassa" pembeni, miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo mambo ni matatu: mahali penyewe, jina lenyewe, na kinachofanyika pale. Kibao ni cha nne, ingawa huwa ndicho cha kwanza kununuliwa.

Tuanze na mahali. Tunajua kuna watakaosema Msamvu, kwa kuwa kila mgeni hupita hapo. Tunaomba isiwe Msamvu. Kwanza ile kipilefti iko kwenye barabara kuu ziendazo Dodoma na Iringa, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na Manispaa haitaweza hata kuchimba shimo la nguzo bila kibali cha watu wengine. Pili, hakuna mtu anayekaa kwenye kipilefti. Magari yanaizunguka, watu wanaikimbia. Tatu, eneo lile lina kumbukumbu yake: Agosti 2019 lori la mafuta liliwaka moto jirani na pale, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Msamvu ikipewa jina siku moja, wale ndio wenye haki ya kwanza.

Mahali panapofaa ni pale ambapo watu tayari wanakaa bila kuambiwa: pana kivuli, muuza kahawa na mwenye kashata, na daladala inasimama ndani ya dakika mbili za kutembea. Uchaguzi ni wenu. Ila kabla jina halijatamkwa kwenye kikao chochote, mtumeni mtu ofisi ya ardhi na mchoro wa mipangomiji, athibitishe mambo mawili: kwamba matumizi yaliyoandikwa ni eneo la wazi, na kwamba hakuna namba ya kiwanja iliyokwisha kutolewa ndani yake. Hili la pili ndilo linaloumbua watu. Eneo linaonekana jeupe, watoto wanacheza mpira miaka ishirini, kumbe kona moja ina barua ya toleo mfukoni mwa mtu. Siku ya kumwaga zege ndiyo siku anayotokea.

Jambo jingine la mahali: badilisheni jina la uwanja peke yake, msiguse mitaa inayouzunguka. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, anwani ya mtu ni namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi. Mkibadilisha jina la barabara, mmebadilisha anwani ya kila duka, kila leseni na kila fomu ya benki iliyo kando yake, na wenye maduka watalichukia jina la Mbaraka kabla hata ya kulizoea. Uwanja hauna nyumba zenye namba. Kuubadili jina hakumgharimu mtu hata nauli ya kwenda TRA.

Sasa jina. Kuna balaa dogo hapa ambalo likipita halitoki tena. Jina la marehemu limeandikwa kwa namna nyingi kwenye maganda ya santuri, kanda na mabango: Mwinshehe, Mwinyishehe, Mwishehe, na wengine humtaja kwa Mwaruka tu. Umbo lililozoeleka zaidi ni Mbaraka Mwinshehe, na jina kamili ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Pendekezo letu ni "Uwanja wa Mbaraka Mwinshehe" kwenye kibao kikubwa, jina kamili kwenye bamba la maelezo, na "Kwa Mbaraka" kwenye kituo cha daladala. Tahajia iamuliwe mara moja, iandikwe kwenye muhtasari kwa herufi kubwa, na familia itie saini pembeni. Halafu karatasi hiyo moja ndiyo ipelekwe kwa kila mtu: mchora kibao, mwandishi wa tovuti, anayeingiza kwenye mfumo, mchonga bamba. Kinachoharibu ni kupigiana simu. Mtu anatamka, mwingine anaandika anachosikia, na kati ya "nshe" na "nyishe" sikio halina msaada wowote.

Vivyo hivyo tarehe. Miaka 1944 na 1979 inatosha kwenye bamba. Mkitaka kuandika siku na mwezi, chukueni kwenye hati za familia, msichukue mtandaoni.

Utaratibu mnaujua kuliko sisi, lakini tumeona unavyorukwa. Mkutano mkuu wa mtaa uitishwe, muhtasari wake uwe na orodha ya waliohudhuria. Uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kamati ya kudumu ya mipango miji na mazingira, ndipo Baraza la Madiwani lipitishe kwa azimio chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Hatua inayorukwa sana ni ile ya mtaa, kwa kisingizio kwamba wananchi watakubali tu. Watakubali, ndiyo. Lakini mtu ambaye hakuulizwa hana sababu ya kuacha jina alilozaliwa nalo, na yule mwenye genge pale kona ndiye anayeelekeza wageni mia kwa siku.

Azimio likishapita, kazi ya karatasi ndiyo kwanza imeanza. Jina liingizwe kwenye NaPA, mfumo wa taifa wa anwani za makazi, wiki hiyo hiyo. Barua ziende LATRA kwa ajili ya majina ya vituo, TANESCO, MORUWASA (mamlaka ya maji), Posta, Polisi, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zimamoto msiwasahau. Mtu akipiga 114 na kusema moto uko kwa Mbaraka, anayepokea simu awe analijua jina. Ramani za kwenye simu nazo hazijirekebishi zenyewe. Apewe kijana mmoja wa ofisi ya mipangomiji jukumu la kupeleka mabadiliko, akiwa na picha ya kibao iliyopigwa mchana na jina likisomeka. Tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, mgeni anayeshuka Morogoro anafuata simu kwanza, mdomo baadaye.

Jina la zamani liandikwe chini kwa herufi ndogo, "zamani…", lakini kwenye kibao cha muda kitakachoondolewa baada ya miezi 24. Tarehe ya kukiondoa iwe ndani ya azimio. Bila hivyo tutakuwa na "ex-Bokassa" yetu.

Kibao, basi. "UWANJA WA MBARAKA MWINSHEHE" ni nafasi 27. Ukiandika kwa mstari mmoja, herufi za sentimita 15, unahitaji kama mita 3 za bati, na hapo ndipo tatizo huanza. Fundi anapewa bati la mita 2.4 kwa sababu ndilo lililopo, anaanza kushoto kwa herufi nene za kujiachia, M na W zinakula nafasi, akifika MWINSH bati limeisha. Kinachobaki, EHE, anakibana kama abiria wa mlangoni. Wote mmeviona vibao vya namna hiyo. Dawa ni mistari miwili: "Uwanja wa" juu kwa herufi za sentimita 8, na chini yake MBARAKA MWINSHEHE kwa sentimita 15. Kibao cha mita 2.2 kwa sentimita 60 kinatosha na pembe zinapumua.

Kwa nini sentimita 15? Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Herufi ya sentimita 10 inasomeka kutoka mita 36 hivi, yaani dereva ana sekunde mbili na nusu za kusoma na kuamua. Ya sentimita 15 inasomeka kutoka mita 54, karibu sekunde nne. Anayetembea kwa miguu hahitaji yote haya, ila bodaboda anayahitaji kuliko yeyote.

Rangi: nyeupe juu ya bluu, kwa stika ya kuakisi mwanga. Msikubali nyekundu hata mkiambiwa inapendeza. Nyekundu ndiyo inayoliwa kwanza na jua, na baada ya misimu michache ya kiangazi maandishi mekundu yanabaki kama uji wa ulezi. Bati liwe la aluminiamu, milimita 2 au 3. Nguzo mbili za bomba la chuma lililopakwa zinki, inchi tatu, zizame sentimita 80 kwenye shimo la sentimita 40 kwa 40. Zege la moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) kwa mashimo yote mawili halimalizi mifuko miwili ya saruji, kwa hiyo mkandarasi akiandika mifuko sita muulizeni minne inakwenda wapi. Chini ya kila nguzo ichomelewe kipande cha nondo cha kukingama kabla ya kumwaga zege. Wanaokusanya chuma chakavu huja usiku, huitikisa nguzo, na isiyo na kingamo huizungusha kama mhogo kwenye udongo wa mvua mpaka itoke. Kibao kifungwe kwa riveti. Bolti ya kawaida ya milimita 8 inafunguliwa na spana namba 13, na spana namba 13 iko kwenye kila gereji ya bodaboda. Zege limwagiliwe maji siku saba ndipo kibao kipandishwe. Hizo siku saba huwa hazifiki kwa sababu mgeni rasmi amekwishapanga tarehe yake, na kibao kikianza kuinama mwezi wa pili watu husema ni upepo wa Uluguru.

Sakafu tutaisema kwa ufupi. Pevingi za sentimita 20 kwa 10 zinakwenda 50 kwa mita moja ya mraba. Unene wa sentimita 6 kwa watu, 8 kama gari la kubebea vyombo litapanda. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, ukigawanywa kutoka katikati kwenda pande mbili. Uwanja wa mita 30 ukiulaza upande mmoja tu, utashuka sentimita 60 na viti vitatembea vyenyewe. Mfereji uchimbwe kwanza, sakafu baadaye. Masika maji yanayoshuka mlimani huja na mchanga, na mfereji uliofunikwa kabisa, usio na sehemu ya kufungua na kuzoa, hujaa msimu wa kwanza. Mawe ya pembeni yawekwe kwenye zege. Yakikosekana pevingi hufunguka kidogo kidogo kama vifungo vya shati, na hakuna wa kuzirudisha.

Sasa tunafika kwenye kile ambacho kwetu ndicho uwanja wenyewe: jukwaa lenye umeme. Mbaraka alikuwa mpiga gitaa la solo. Alianza kung'ara na Morogoro Jazz, akaenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo mwaka 1970, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na mpaka anafariki kwenye ajali ya gari Mombasa mwaka 1979 kazi yake ilikuwa kupiga muziki mbele ya watu wanaocheza. Uwanja wake ukikosa mahali pa kuchomeka gitaa ni sawa na kujenga msikiti usio na birika la udhu.

Bendi kamili ya dansi ni watu kama kumi na wawili: solo, second solo, ridhimu, besi, dramu, tumba, saksafoni, tarumbeta mbili, waimbaji watatu. Mpe kila mmoja mita 4 za mraba pamoja na vyombo vyake, unapata 48. Jukwaa la mita 8 kwa 6, basi, na kimo cha sentimita 70. Likipanda zaidi ya hapo wanaocheza mbele wanaangalia viatu vya waimbaji. Liwekwe upande wa kusini, uso wake kaskazini. Hapo jua la jioni halimchomi macho mpigaji wala msikilizaji, na nyuma ya bendi inaonekana Uluguru, ambayo ni mandhari ya bure kuliko bango lolote.

Umeme uwe na mita yake ya LUKU, isichanganywe na ya taa za uwanja. Laini ya fezi moja ya ampia 60 inatoa karibu kilowati 13, na inabeba bendi na spika zake bila kutoa jasho. Soketi zote za jukwaani zitoke kwenye boksi moja na zitumie ethi (waya wa ardhini) moja. Hapa kuna ugonjwa ambao kila mpiga gitaa wa mji huu anaujua. Amplifaya ya gitaa imechomekwa soketi ya kushoto, mikisa imechomekwa kwenye waya uliovutwa kutoka duka la jirani, ethi zake hazilingani. Matokeo ya kwanza ni mvumo mzito kwenye spika, mmmmm, usioisha hata ukigeuza nini. Matokeo ya pili yanauma: mwimbaji ameshika nyuzi za gitaa, anasogeza mdomo kwenye maiki, anapigwa shoti ya mdomo mbele za watu. Watu hucheka. Siku hali ikiwa mbaya zaidi hawatacheka. Kwa hiyo pamoja na fimbo ya ethi iliyozamishwa vizuri ardhini na kupimwa, kiwekwe kikata-umeme kinachohisi umeme unaovuja, cha miliampia 30. Ni kifaa cha ukubwa wa kiganja. Mkandarasi akikiondoa kwenye orodha "kupunguza gharama", rudisheni orodha yote.

Na uniti za LUKU nani ananunua? Swali linaonekana dogo. Jukwaa zuri hufa kwa swali hili hili: bendi inafika saa tisa, mita inasoma sifuri, afisa mwenye namba ya mita yuko semina Dodoma. Namba ya mita ipakwe rangi mlangoni mwa boksi, ili yeyote aweze kununua kwa simu yake hapo hapo.

Ratiba tunaomba iwe ya kudumu: Jumapili moja kila mwezi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, bendi za mji kwa zamu, vijana wakipewa nusu saa ya kwanza. Ikiisha kabla ya magharibi hata majirani wa msikitini na kanisani hawatakuwa na neno. Hapo ndipo konda atakapopata sababu ya kuita jina. Siku nyingine uwanja ukae kimya. Msifunge spika za kupiga nyimbo zake kutwa nzima kwenye nguzo za taa. Hata wimbo wake "Shida" ukilazimishwa kuisikia mara kumi kwa siku utaomba ukae na shida zako.

Nyimbo zenyewe zina wenyewe. Haki ya mtunzi hapa kwetu inadumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa Mbaraka ni hadi mwisho wa 2029, na santuri alizorekodi Nairobi huenda zina haki za warekodi pia. Kabla ya tamasha la kwanza, mwanasheria wa Manispaa aende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na maswali mawili: leseni ya kupiga hadharani inalipwa wapi, na fedha inawafikiaje warithi. Itakuwa aibu kubwa kumheshimu mtu kwa kibao cha aluminiamu huku mnatumia kazi yake bure.

Sanamu. Tunajua mtaulizwa, na tunajua baadhi yenu mnaitaka. Ombi letu ni kwamba isubiri mpaka jukwaa limepiga mwaka mmoja. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927 kwa sababu ni ya shaba nyeusi, na shaba nyeusi ina bei yake. Ya saruji ni rahisi, lakini fikirieni gitaa. Shingo ya gitaa ni kitu chembamba kilichonyooka hewani. Ndani yake lazima ipite nondo, na nondo isipofunikwa na sentimita 4 za zege kila upande, maji ya mvua yataifikia, itavimba kwa kutu na kupasua zege. Jumlisheni: nondo ya milimita 8 na sentimita 4 huku na huku, ni unene wa karibu sentimita 9. Hapo Mbaraka atakuwa ameshika mchi wa kutwangia, si gitaa. Msanii akiipunguza ipendeze, itadondoka.

Zikipatikana fedha za kuifanya vizuri, mchongaji apewe picha zaidi ya moja, na kila picha ikaguliwe kama haikugeuzwa kioo wakati wa kuchapa. Njia ni rahisi: mfuko wa shati la kiume huwa kifua cha kushoto. Ukiuona kulia, picha imegeuzwa, na gitaa nalo limegeuzwa. Nyuzi ziwe sita na vikazio sita, maana tumekwishaona magitaa ya sanamu yenye nyuzi nne, na kwa mpiga solo hilo ni tusi.

Kuna swali litakaloulizwa barazani, na ni la haki: mbona si Salum Abdallah? Yeye na Cuban Marimba waliufanya mji huu ujulikane kwa muziki kabla Mbaraka hajashika gitaa, naye pia alifariki kwa ajali, mwaka 1965. Jibu letu ni kwamba anastahili pake, pazima, na mjadala wake uanze. Kitu ambacho hatutaki ni suluhu ya kuwaridhisha wote kwa kuandika majina mawili kwenye kibao kimoja. Nafasi 27 zitakuwa 45, EHE itabanwa tena, na konda atarudi kwenye jina la zamani.

Bamba la maelezo liwe la jiwe, kimo cha mtu mzima kifuani, maneno yasiyozidi arobaini. Tunapendekeza haya: "Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, 1944–1979. Mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji. Alipiga na Morogoro Jazz, kisha Super Volcano. Nyimbo zake zilichezwa Tanzania nzima, Kenya na mbali zaidi. Uwanja huu ni wake." Jina la mgeni rasmi na tarehe ya kufungua viwekwe kwenye kibamba kingine, chini, pembeni, kwa herufi zisizozidi nusu ya herufi za mwenye uwanja. Mawe ya ufunguzi mengi nchini yanakufanya udhani aliyekata utepe ndiye aliyekufa.

Tunaomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao cha kawaida cha Baraza kijacho, na mtaa husika ujulishwe kabla ya hapo. Tumeambatisha mchoro wa jukwaa, mchoro wa kibao wenye vipimo vyote, na orodha ya soketi. Nakala mbili ziko masjala. Moja tutaifuata ikishagongwa muhuri wa kupokelewa.

Wenu katika ujenzi wa mji,
Wanamuziki wa dansi na mafundi, Morogoro